Barabara ni ya nani?
(Maneno ya msimamizi kwenye mkutano wa wanachama, Baraka)



Wakati tulirudi toka Tanzania, wengi tulikuwa na miguu tu. Mwenye bahati alikuwa na kinga. Mpaka leo ndivyo tuko. Mama anaenda soko na kitunga kichwani, mtoto anaenda masomo, wote wanasukumana na magari na pikipiki.

Watu wanasema: ni umaskini. Hapana, ni uamuzi wa wakubwa. Kule Dar es Salaam mabasi ya mwendokasi yalianza 2016, toka Kimara mpaka Kivukoni. Serikali iliamua basi lipate njia yake, na kando wakajenga njia za miguu na za baiskeli. Kigali nayo, tangu 2016, kuna Jumapili magari yanafungiwa barabara fulani, watu wanatembea na kukimbia.

Sisi tuseme mbele kazi ianze. Lami ikisha kuwekwa, tumechelewa. Basi naomba tuandikie wakubwa wa mji barua: kila barabara itakayotengenezwa iachiwe njia ya miguu na ya kinga.

Na nyinyi wafadhili, mkitoa feza ya barabara, muulize kwanza: mama wa kitunga atapita wapi?