Ule mwaka tuliouruka

Neno la kusoma: Esta 6:1-3, 2 Samweli 11:1, 1 Mambo ya Nyakati 20:1

 

Juma hili tunataka kusema juu ya vitabu vinavyoandika habari za nyakati. Vingine vinaandika nyakati zilizokuwa kweli. Vingine vinaandika nyakati za kubuni, ambazo hazijakuwa ao hazitakuwa kamwe. Mtu anaweza kuuliza: Pasta, jambo hilo lina faida gani kwa mama anayeuza ndizi pale soko la Kadutu? Tunamwomba atuvumilie mpaka mwisho, kwa maana sisi wenyewe tulijifunza somo hili kwa aibu.

Tuanze na Esta sura ya 6. Mfalme Ahasuero alikosa usingizi. Hakuomba muziki, aliomba kitabu cha kumbukumbu, kile cha habari za kila siku. Wakamsomea, wakafika mahali palipoandikwa kwamba Mordekai alifichua watu wawili waliotaka kumuua mfalme. Mfalme akauliza mtu huyu alipewa heshima gani. Watumishi wakajibu kwamba hakufanyiwa neno lolote.

Wapendwa, angalieni vizuri. Wema wa Mordekai ulikuwa umeandikwa. Tarishi alikuwapo, wino ulikuwapo, kitabu kilikuwa kabatini. Ila hakuna aliyekifungua. Na usiku uleule, nje kule, mti ambao Hamani aliutengeneza ili kumtundika Mordekai ulikuwa umekwisha kusimamishwa. Kati ya mtu na kifo chake palikuwa na ukurasa mmoja ambao haujasomwa. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Kwanza: Mungu aliruhusu vitabu viwili vya wakati mmoja

Fungueni 2 Samweli 11:1. Ni majira wafalme wanapokwenda vitani, lakini Daudi anabaki Yerusalemu. Halafu inafuata habari ya Bathsheba, na habari ya Uria aliyepelekwa mbele ya vita ili afe. Sasa fungueni 1 Mambo ya Nyakati 20:1. Ni majira yaleyale, ni vita ileile, na Daudi anabaki Yerusalemu. Halafu? Mji wa Raba unapigwa, taji inavikwa kichwani, basi. Bathsheba hayumo, wala kifo cha Uria.

Wengine wakiona hivyo wanasema Biblia inajipinga. Hapana. Mambo ya Nyakati kiliandikwa kwa watu waliotoka uhamishoni Babeli. Walikuwa wamepoteza nyumba, hekalu na mashamba. Ndiyo sababu kitabu kinaanza na sura 9 ambazo karibu zote ni majina. Wengi wetu tunaziruka. Lakini mwulize mtu aliyekimbia kutoka Shabunda ao Kalehe, aliyefika hapa Bukavu na godoro kichwani. Yeye anajua kwa nini mtu aliyepoteza kila kitu anaanza kwa kutaja majina: fulani mwana wa fulani, wa kijiji fulani. Jina ndilo shamba la mwisho ambalo mtu hawezi kunyang'anywa, kama kuna aliyeliandika.

Tena Mambo ya Nyakati kina jambo ambalo Wafalme hakina. Katika 2 Wafalme 21, Manase ni mfalme mbaya aliyemwaga damu isiyo na hatia, na habari yake inaishia hapo. Lakini katika 2 Mambo ya Nyakati 33 tunamwona amefungwa minyororo, amepelekwa Babeli, anajinyenyekeza na kuomba, na Mungu anamrudisha. Kitabu kimoja kinatunza dhambi ya Daudi, kingine kinatunza toba ya Manase. Mungu hakukichoma kimoja ili kibaki kingine. Aliviweka vyote katika Biblia moja, ili asiwepo mtu wa kusema mfalme wetu hakukosa, wala wa kusema mwovu yule hawezi kusamehewa.

Pili: Kitabu cha kubuni kinaweza kusema kweli, na kinaweza kuua

Wapo wakristo wanaosema kila hadithi ya kubuni ni uongo. Basi tuwaulize: ni nani aliyemvunja Daudi moyo? Ni nabii Nathani, na alikuja na hadithi. Hakukuwa na tajiri yule, wala maskini yule, wala mwana-kondoo aliyelelewa kama binti. Nathani alileta wakati wa kubuni, na Daudi akauona wakati wake mwenyewe ndani yake. Bwana wetu Yesu naye alifundisha hivyo, kwa mtu aliyekuwa na wana wawili na kwa mpanzi aliyetoka kupanda.

Huko Tanganyika, zamani za ukoloni, Shaaban Robert alitoa mwaka 1951 kitabu kinachoitwa Kusadikika. Ni habari ya nchi iliyo angani, na mtu anayeitwa Karama ambaye anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kufundisha elimu ya sheria. Hakuna ramani yenye nchi hiyo. Lakini aliyewahi kuona mtu mnyofu akishitakiwa kwa wema wake anaijua njia ya kufika huko. Kitabu kama hicho hakimdanganyi msomaji. Kinamwambia tangu mwanzo: hii ni nchi ya kusadiki tu, wewe tafuta maana.

Lakini kuna kubuni kwa aina nyingine. Mtu anatunga wakati, halafu anasema ameonyeshwa na Mungu, na anaandika tarehe. Marekani, William Miller alihesabu miaka ya kitabu cha Danieli, na wafuasi wake wakangoja Bwana arudi tarehe 22 Oktoba 1844. Asubuhi iliyofuata walikuwa wangali hapa duniani, na wengine walikuwa wameacha mavuno yao shambani.

Tusiende mbali. Kanungu, katika Uganda, ni wilaya inayopakana na nchi yetu. Kulikuwa na kundi lililosema linarudisha Amri Kumi za Mungu. Walikuwa na kitabu chao kilichotangaza mwisho wa nyakati hizi. Watu waliuza mali wakangoja. Mwaka 1999 ukaisha, jua likaendelea kuwaka. Tarehe 17 Machi 2000 nyumba yao ya kusali iliwaka moto, milango ikiwa imefungwa, na mamia ya watu wakafa, watoto wakiwa kati yao.

Kwa hiyo, ndugu na dada, mtu akileta kitabu cha nyakati zijazo pale kwenu, mwulizeni mambo mawili. Je, anakiri kwamba ni mfano, ao anadai ni kalenda? Na je, anataka utubu, ao anataka shamba lako? Yesu alisema katika Matendo 1:7 kwamba si kazi yetu kujua nyakati wala majira ambayo Baba ameyaweka katika mamlaka yake. Anayetaja tarehe amejipa kiti ambacho Mwana mwenyewe hakutupa.

Tatu: Wakati usioandikwa na wenyewe utaandikwa na wengine

Vitabu vya zamani vya Wabelgiji vinauita mji huu Costermansville. Ndani yake kuna majumba ya La Botte, barabara, majina ya maofisa. Waliobeba mawe ya majumba hayo hawana majina humo.

Lakini kule Lubumbashi jambo lingine lilitokea. Mwaka 1965, mtu anayeitwa André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili cha kwao, kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa maboi na wapishi katika nyumba za wazungu. Hawakungoja mtaalamu. Waliandika jinsi walivyoishi, kwa lugha waliyoisema jikoni. Miaka 25 baadaye, mwaka 1990, maandishi yale yakachapishwa kama kitabu na mtaalamu Johannes Fabian, na leo watu wa vyuo vikuu wanayasoma. Mpishi aligeuka mwalimu, kwa sababu aliandika.

Na habari za huku kwetu je? Mwezi wa Oktoba 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa kitabu kikubwa ambacho watu wanakiita Ripoti Mapping. Kinaorodhesha matukio 617 ya uovu uliofanyika katika Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Kasika ya mwezi wa Agosti 1998 imo, Makobola imo. Daktari Mukwege wa Panzi, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste wa mji wetu huu, alipopokea tuzo ya Nobel pale Oslo tarehe 10 Desemba 2018, aliikumbusha dunia kwamba ripoti hiyo imelala ndani ya sanduku la meza. Je, hamwoni ni Esta 6? Imeandikwa, lakini haijafanyiwa neno lolote.

Tulikuwa tunahubiri hivyo kwa nguvu sana, na watu walikuwa wanaitika amina. Mpaka mama mmoja akatuuliza swali.

Ukurasa wetu wenyewe

Kusanyiko letu lilipotimiza miaka 30, sisi wazee na wachungaji tuliandika kitabu kidogo cha historia. Kilikuwa kizuri, kina picha za kwaya. Siku ya sherehe tulikiuza mlangoni. Juma lililofuata, mama mmoja mjane alikuja ofisini na kitabu mkononi, akaweka kidole kati ya ukurasa wa 11 na wa 12. Akasema: "Pasta, mwaka 2008 muliutupa wapi?"

Tulitazama. Ukurasa wa 11 ni mwaka 2007, safari ya kwaya. Ukurasa wa 12 ni mwaka 2009, mabati mapya. Tulinyamaza, kwa maana wote tulijua.

Mnakumbuka Jumapili ile, tarehe 3 Februari 2008, dunia ilipotetemeka mjini hapa. Ukuta wa nyumba yetu ya ibada ulipasuka. Tulikusanya matoleo ili tuujenge tena. Baada ya miezi michache fedha hazikuonekana. Shemasi mmoja alishitakiwa, akaondolewa kazini mbele ya watu wote. Kusanyiko likagawanyika, wengine wakaondoka. Shemasi huyo alisema mpaka siku ya kufa kwake kwamba hakula fedha za Mungu. Mama yule ni mjane wake. Watoto wao watatu walikua mtaani wakiitwa watoto wa mwizi.

Lakini hilo si jambo la aibu zaidi. Miaka sita baadaye mtunza hazina wetu alifariki, na jamaa yake wakatuletea sanduku lake. Ndani yake mlikuwa na kaye ya matoleo. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa: shemasi alitoa fedha zote, tarehe, kiasi, na sahihi ya mzee aliyezipokea ili kununua simenti. Mzee huyo alikuwa angali hai, na tulimheshimu. Wawili kati yetu walisoma kaye ile, wakaifunga. Tulisema tusifungue kidonda. Tulisema aliyeshitakiwa amekwisha kufa. Tulipoandika kitabu cha miaka 30 tuliruka mwaka mzima, tukauita huo ni upendo.

Wapendwa, tulifikiri tunaandika kama Mambo ya Nyakati kilichoacha habari ya Daudi. Lakini Mungu hakumwacha Uria bila kitabu. Sisi tulimwacha Uria wetu bila hata mstari. Mti wa Hamani ulikuwa umesimama mbele ya nyumba ya mjane miaka yote hiyo, na ukurasa wa kuuangusha ulikuwa kabatini mwetu.

Jumapili iliyofuata tulisoma kaye ile mbele ya kusanyiko. Tulitaja jina la shemasi, tukasema hakuiba. Tulisema sisi ndio tuliojua na kunyamaza. Mzee aliyetia sahihi alikuwapo, na habari yake inaendelea mbele ya Mungu na mbele ya wazee. Hatutaiandika hapa kabla haijakwisha. Tukachapa karatasi moja ya mwaka 2008, tukaibandika kwa gundi katika kila kitabu kilichobaki, kati ya ukurasa wa 11 na wa 12.

Tulifikiri mama ataruka kwa furaha. Hakuruka. Aliomba vitabu vitatu, kimoja kwa kila mtoto, akavifunga ndani ya kitenge, akaenda nyumbani.

Kazi ya juma hili

Nunueni kaye moja nyumbani. Andikeni majina ya wazee wenu na vijiji vyao, wangali hai wa kukumbuka. Andikeni mlichokiona, na tarehe. Mlichokisikia tu, andikeni kwamba mlikisikia. Luka alifanya hivyo, alichunguza kila kitu tangu mwanzo kabla hajamwandikia Theofilo. Na kama kuna kaye uliyoifunga kwa sababu inamsafisha mtu mwingine na kukuaibisha wewe, usingoje mpaka mjane aje na kidole chake. Ufunuo 20 inasema vitabu vitafunguliwa. Vyote. Ni afadhali tuanze sisi, kungali mapema.

Tuombe. Baba, wewe unayekumbuka jina la kila aliyekufa katika milima hii, tupe mkono usioficha na moyo usiolipiza kisasi. Tusamehe mwaka tuliouruka. Katika jina la Yesu, amina.