Swichi za Kompaila ni Sehemu ya Programu: Somo Kutoka Kerneli ya Linux



Katika semina moja ya idara, mwenzangu ninayemheshimu sana alitoa hukumu kwamba programu iliyoandikwa sawasawa kwa lugha ya C haihitaji swichi maalumu za kompaila. Ukiona mradi umebeba orodha ndefu ya swichi, alisema, ujue waandishi wake wameshindwa kufuata kanuni za lugha na sasa wanatembelea magongo. Mfano wake ulikuwa kerneli ya Linux. Wengi ukumbini waliafiki. Mimi sikuafiki, na mhadhara huu ndio jibu langu.

Sitaeleza kompaila ni nini, wala C ilivyozaliwa Bell Labs. Sitakawia pia kwenye hoja ya wapenda kasi, kwamba -O3 ni bora kuliko -O2. Mwaka 2022 lilipotolewa pendekezo la kuifungua -O3 kwa kerneli nzima, Linus Torvalds alilipinga, akikumbusha kuwa huko nyuma swichi hiyo mara nyingi ilizalisha msimbo mbaya zaidi. Anayeitaka bado anaweza kuipachika kupitia KCFLAGS, ambayo Makefile huiongeza mwishoni ili ishinde zilizotangulia. Kasi ni jambo dogo hapa. Ninachokitetea leo ni maana ya programu.

Tuanze na -mno-red-zone. Kwenye prosesa za x86 za biti 64, mapatano ya System V yanairuhusu funksheni kutumia baiti 128 zilizo chini ya kielekezi cha rundo bila kukisogeza kielekezi hicho. Programu ya kawaida haina cha kuogopa. Ndani ya kerneli mambo ni mengine: katizo likiingia, prosesa yenyewe husukuma taarifa zake kwenye rundo lilelile na kuzifuta baiti hizo. Mwandishi wa C hana sentensi ya kulizuia hilo, kwa kuwa kiwango cha lugha hakisemi lolote kuhusu baiti 128. Swichi ndiyo inayosema.

Nililishuhudia jambo hili. Mwanafunzi wangu wa uzamili aliandika moduli ya kerneli ya kusoma vihisio vya hali ya hewa, akaijenga kwa amri aliyoitunga mwenyewe badala ya kuuachia kazi mfumo wa Kbuild. Mezani moduli ilitii. Mtandao ulipochangamka, mashine ilianguka, kila mara mahali tofauti. Tuliusoma msimbo mstari kwa mstari, na kwa kanuni zote za C ulikuwa safi. Kilichokosekana ni -mno-red-zone kwenye amri ya kujenga. Ilipoongezwa, bila kubadili herufi moja ya C, mashine ilitulia. Msimbo ni uleule, programu ni mbili: moja inaua mashine, nyingine inafanya kazi. Anayedai kuwa maana yote imo kwenye msimbo anieleze tofauti ya programu hizo mbili ilikuwa wapi.

Mwenzangu atasema nimechagua mfano mwepesi. Basi nichukue ule unaomfaa yeye. Mwaka 2009, katika Linux 2.6.30, draiva ya tun ilikuwa na funksheni iliyosoma thamani kupitia kielekezi, kisha ndipo ikauliza kama kielekezi hicho ni tupu. Kompaila wa GCC alifuata mantiki ya kiwango: kielekezi kimeshatumika, kwa hiyo hakiwezi kuwa tupu, kwa hiyo swali halina kazi. Akalifuta. Mtafiti wa usalama Brad Spengler akaonyesha hadharani jinsi mshambuliaji anavyoweza kuweka data yake kwenye anwani sifuri na kuishika kerneli yote. Kasoro hiyo ilisajiliwa kama CVE-2009-1897, na mwaka huohuo Makefile ikapata -fno-delete-null-pointer-checks.

Nakiri kwamba msimbo ule ulikuwa na kosa, na ulistahili kusahihishwa, nao ukasahihishwa. Lakini kiwango cha C kinaiacha tabia ya kielekezi tupu bila ufafanuzi, ilhali kwa prosesa anwani sifuri ni anwani kama nyingine: ikiwa na ukurasa wa kumbukumbu, itasomwa. Kwenye kerneli yenye zaidi ya mistari milioni 20, iliyoandikwa na maelfu ya watu, kumruhusu kompaila afute ulinzi kwa sababu ya dhana isiyo kweli kwenye mashine hiyo ni sawa na mjenzi anayeshikilia ramani ya nyumba na kukataa kuutazama udongo wa kiwanja.

Hivyo hivyo kwa -fno-strict-aliasing. Kiwango kinamruhusu kompaila aamini kuwa vielekezi vya aina tofauti kwa kawaida havigusi kumbukumbu moja. Kazi ya kerneli ni kinyume chake: pakiti ya mtandao hufika kama baiti tupu, kisha hutazamwa kama kichwa cha itifaki.

Wanaotaka kuelewa hili wasianze na kitabu. Waisome Makefile ya arch/x86, andiko ninalolipenda kuliko makala nyingi za taaluma yetu. Humo kuna -mcmodel=kernel, inayomwambia kompaila kuwa kerneli inakaa kwenye GB 2 za juu kabisa za anwani. Kuna -mno-sse na wenzake, kwa sababu kerneli haihifadhi rejista za namba za desimali kila inapoingiwa. Anayezihitaji lazima azungushie kazi yake kernel_fpu_begin na kernel_fpu_end. Maoni yaliyoandikwa juu ya swichi hizo yanaeleza kwa nini lazima zitangulie nyingine, na yanataja namba ya hitilafu ya GCC, 53383. Mpangilio wenyewe umetolewa ushahidi! Baada ya Spectre, udhaifu wa kiusalama wa prosesa, kutangazwa Januari 2018, zikaingia swichi za kugeuza miruko isiyo ya moja kwa moja. Kila mstari una sababu na historia yake.

Kbuild nayo inazijali swichi kuliko wanataaluma wengi. Kando ya kila faili lililojengwa huacha faili fiche la .cmd lenye amri iliyotumika. Ukibadili swichi, hujenga upya hata kama msimbo haujaguswa. Waliouandika mfumo huo walishaelewa ninachokitetea.

Mwenzangu ana hoja moja nzito: kutegemea swichi ni kujifunga kwa kompaila mmoja. Ni kweli kwamba ili kompaila wa Clang aweze kuijenga kerneli ipasavyo, ilibidi afundishwe -fno-delete-null-pointer-checks. Lakini tazama kilichotokea: swichi ile ilichukuliwa kama sharti la lugha, na kompaila wa pili akatakiwa kulitimiza. Magongo hayapewi hadhi hiyo. Nakubali pia kwamba swichi isiwe kificho cha uzembe mpya. Anayeandika leo aulize kielekezi ni tupu kabla ya kukitumia.

Baada ya kupima yote hayo, msimamo wangu haujatikisika. Kerneli haiandikwi kwa C ya kitabuni. Huandikwa kwa C pamoja na swichi zake, na ukiziondoa umeandika programu nyingine. Kwa hiyo naiomba ndaki yetu mambo mawili. Swichi zifundishwe mwaka wa kwanza, sambamba na vielekezi. Na tasnifu yoyote ya mifumo isiyoambatanisha amri kamili ya ujenzi irudishwe kwa mwandishi kabla ya kutahiniwa, kwa kuwa mtahini atakuwa amepewa nusu ya programu.