Hofu ya Presha na Aibu ya Kukonda

Utafiti wa kitaifa wa afya nchini Tanzania wa mwaka 2004/05 ulikuta wanawake 18 kati ya 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wamezidi uzito. Ule wa 2015/16 ukakuta 28. Lakini katika mji kama Mingoyo, inapoachana barabara ya Masasi na ile ya Mtwara, nadhani kinachomwanzisha mtu kupunguza mwili ni jibu la kipimo cha presha au sukari, wala si kioo. Kusubiri hivyo si uzembe. Miaka ya ukimwi ilitufunza kumshuku anayekonda, na unene bado unasomwa kama ushahidi wa ndoa tulivu. Anayepungua kwa hiari hudaiwa maelezo na majirani.

Yupo atakayesema vijana wanasukumwa na urembo wa kwenye simu. Ni kweli kwa baadhi, ila simu hizohizo husifu pia nyonga pana. Hofu ya ugonjwa ina nguvu zaidi; tatizo lake ni kwamba huchelewa kufika, tena hupoa vipimo vikirudi vizuri. Kwa hiyo mizani na kipimo cha presha viwafuate wasioumwa, hapo hapo njia panda, penye chipsi na bodaboda.