Je, Roho Hurudi Duniani? Tuliyoyashuhudia Nyarugusu

(Darsa iliyotolewa msikitini baada ya sala ya Isha)

  

 Suala la usiku huu limeletwa na kina mama wa darsa ya Jumamosi. Wameuliza iwapo inafaa kwa Mwislamu kutibiwa kwa njia ya kurudishwa katika maisha aliyoishi kabla ya haya. Baadhi yenu mtastaajabu kwamba jambo la watu wa Marekani limetufikia huku Kasulu. Limefika. Simu za mkononi hazina mpaka.

Mgonjwa hulazwa, akaambiwa afumbe macho na ahesabu pumzi zake, mpaka awe baina ya usingizi na kuamka. Kisha mwenye kumtibu humwelekeza kwa sauti ya chini arudi nyuma: utotoni, tumboni mwa mama yake, na nyuma zaidi. Huulizwa ametia viatu gani miguuni, yuko nchi gani, ni nani aliye naye. Lolote atakalolisema huhesabiwa kuwa ni kumbukumbu ya maisha yaliyopita, na hofu au ndoto mbaya alizo nazo leo husemwa zimetoka huko.

Miezi michache iliyopita, binti mmoja wa kambini alitujia akiwa na huzuni. Mama yake, mwenye asili ya Fizi, alikuwa akienda kwa mtu mmoja anayejiita mshauri, ambaye ameisoma njia hii katika kitabu cha Kifaransa na video za simuni. Mama huyu alipotezana na mwanawe wa kiume ufukweni mwa Ziwa Tanganyika katika vita vya mwaka 1996, mtoto akiwa na umri wa miaka minne. Tangu hapo hajapata usingizi wa usiku mzima. Binti alituomba twende tukaone anachofanyiwa mama yake. Tulikwenda, si kwa kuuliza ya ghaibu, bali kwa kumtazamia mtu wake.

Mama akalala mkekani. Baada ya robo saa akaanza kusema: yuko Misri, zamani sana, kando ya mto mkubwa, na mtoto wake amechukuliwa na maji. Akalia kilio ambacho sisi tuliokaa pale tulishindwa kukisikiliza. Mshauri akamuuliza watu wa huko wakimwitaje. Akajibu: Fatuma.

Tuliomba ruhusa ya kuuliza swali moja. Tukamsalimu kwa Kiarabu, kisha kwa lugha hiyo hiyo tukamuuliza jina la mtoto wake. Tunajua kwamba Kiarabu cha masokoni Misri si kile cha vitabuni, lakini salamu ni salamu, na jina ni jina. Mama akanyamaza kitambo, kisha akasema kwa Kiswahili cha Fizi, "Shehe, sisikii." Mshauri akatuambia kwamba roho hubeba picha, haibebi lugha. Ajabu ni kwamba dakika chache kabla ya hapo alikuwa ameridhika kabisa roho hiyo ilipombebea jina.

Ndugu zetu, machozi ya mama yule hayakuwa ya uongo. Mtoto aliyepotea alikuwa wa kweli na maji yalikuwa ya kweli. Ila mto ulikuwa ni ziwa, na Misri ilikuwa ni Fizi. Huzuni yake ilivishwa nguo za kigeni. Kama mambo yangeishia hapo, pengine tungesema kalia na kapumua. Lakini mshauri aliendelea. Alimwambia kwamba mwanawe amekwisha kufa, na kwamba roho yake imerudi katika mjukuu wake, mtoto wa binti yake, aliyezaliwa hapa kambini. Na mama akaamini. Akaacha kwenda kuuliza habari za mwanawe kwa Msalaba Mwekundu, ambako jina la mtoto lilikuwa limeandikishwa, na akaanza kumwita mjukuu kwa jina la mjomba wake.

Njia hii ina historia, na inafaa tuijue. Mwaka 1952 huko Colorado, Marekani, mfanyabiashara Morey Bernstein alimlaza mwanamke mmoja kwa namna hii, naye akasema kuwa aliwahi kuwa Bridey Murphy, mtu wa Ireland aliyezaliwa mwaka 1798. Kitabu cha habari hizo kilitoka mwaka 1956 na kikanunuliwa mno. Waandishi wa magazeti wakavuka bahari kutafuta kumbukumbu za kuzaliwa na kufa kwa Bridey, hawakuziona. Gazeti moja la Chicago likaeleza kuwa yule mwanamke utotoni alikaa mkabala na mama wa Kiireland ambaye jina lake la usichana lilifanana na hilo. Mwaka 1988 daktari wa maradhi ya akili wa Miami, Brian Weiss, akaandika kitabu kilichoieneza njia hii upya.

Wenye elimu ya nafsi nao wamechunguza. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na mwenzake waliwasimulia watu 24 kisa cha kubuni, kwamba utotoni waliwahi kupotea dukani. Takriban robo yao wakakikumbuka. Huko Kanada, Nicholas Spanos aliona kwamba yale ambayo watu huyaona katika "maisha ya kabla" hufuata yale waliyodokezwa kabla ya kulazwa. Akili ya mwanadamu hujaza pengo kwa kile inachopewa.

Ama katika dini, itikadi hii huitwa tanaasukh. Wahindu wanayo, na Wadruzi wa Sham pia. Ibn Hazm wa Andalusia aliijibu tangu karne ya 11. Mshauri yule alitutolea aya ya 28 ya Sura al-Baqarah, isemayo kwamba tulikuwa wafu tukahuishwa. Lakini aya hiyo yaendelea: kisha tutafishwa, kisha tutahuishwa, kisha kwake tutarejeshwa. Hesabuni wenyewe: mauti mawili na uhai mara mbili, kama ilivyo katika Sura Ghafir aya ya 11. Mauti ya kwanza ni kutokuwapo kwetu. Na katika Sura al-Mu'minun, aya ya 99 na ya 100, mwenye kufa aombapo kurudishwa hukataliwa, na mbele yao iko barzakh mpaka siku ya kufufuliwa. Imepokewa na Tirmidhi kwamba Abdullah bin Amr bin Haram, baba yake Jabir, shahidi wa Uhud, alimwomba Mola wake amrudishe duniani auawe tena kwa ajili yake. Akajibiwa kwamba imekwisha kupita hukumu kuwa hawarudi. Ikiwa shahidi huyu hakurudishwa, nani basi?

Wapo watakaosema kwamba hata sisi huwapa wajukuu majina ya mababu. Kumpa mtoto jina la marehemu ni wema na kumbukumbu. Hakuna ubaya wowote. Ubaya ni kudai kwamba aliyemo ndani ya mtoto ni mtu mwingine.

Na katika fiqhi liko jambo ambalo mama yule hakuwahi kuambiwa. Aliyepotea huitwa mafqud. Hahesabiwi maiti kwa ndoto wala kwa maneno ya mtu aliyelala mkekani. Hubaki katika hukumu ya walio hai mpaka upatikane ushahidi au kadhi ahukumu. Mali yake hairithiwi. Mamake haruhusiwi kulazimishwa kumzika moyoni. Tulimweleza hayo mbele ya binti yake, kwa upole, kwa siku tatu. Siku ya tatu aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo naweza bado kumwombea arudi?" Tukamwambia ndiyo, na amwombee kwa jina lake mwenyewe.

Jumatatu iliyofuata alikwenda na binti yake kuuliza kama ile karatasi yenye jina la mtoto bado ipo. Ipo.