Askari Mbele ya Hakimu wa Haki

Fungueni pamoja nasi Injili ya Luka 23:44-47. Leo twataka kulijibu swali ambalo askari waliotoka vitani hutuuliza sisi wachungaji, mara nyingi faraghani na kwa sauti ya chini: "Wale niliowaua, je, nitakutana nao huko? Nami nitajibu nini?"

Tuanze na jibu la wanadamu. Pale Kenyatta Avenue, Nairobi, zimesimama sanamu tatu za shaba, ukumbusho wa askari na wapagazi Waafrika wa vita vya 1914-1918. Zilizinduliwa mwaka 1928. Mtaa wa Kariokor nao ulipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi hao. Lakini maelfu yao hawakuandikwa majina kwenye kaburi wala jiwe lolote, hata mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ikaomba radhi.

Basi kumbukumbu ya wanadamu ina kasoro mbili. Husahau waliotaabika, tena hufunika mabaya ya wanaosifiwa. Kaburini bunduki hupigwa hewani na hotuba husomwa, wala hakuna atajaye nyumba iliyochomwa. Mungu hana kasoro hizo. Ufunuo 20:12 yatuambia kwamba vitabu vitafunguliwa.

Hapo ndipo moyo wa askari hutetemeka. Wako wanaomfariji upesi: "Ulitii amri, dhambi ni ya mkubwa wako." Wengine humhukumu upesi: "Mwenye damu mikononi hana msamaha." Wapendwa, yote mawili si neno la Mungu. Yohana Mbatizaji hakuwafukuza askari waliomjia, wala hakuwaambia kwamba amri hufuta hatia. Aliwaonya wasidhulumu mtu (Luka 3:14). Mfalme Daudi alipomwua Uria kwa upanga wa maadui, kwanza alivisingizia vita. Nathani alipomkabili, aliacha visingizio, akakiri, akasamehewa (2 Samweli 12:13).

Sasa mtazameni akida pale Golgotha. Amri ilitoka kwa Pilato, lakini yeye ndiye aliyesimama pale kazi ikifanyika. Damu ikiwa bado mbichi, alimtukuza Mungu na kukiri kwamba yule aliyeuawa alikuwa mwenye haki. Kwa kusema hivyo alijishitaki mwenyewe. Hata hivyo, kabla hajakiri, Bwana Yesu alikuwa amekwisha kuwaombea msamaha waliomsulubisha.

Tena angalieni wakati. Akida alisema kweli siku ileile. Tajiri wa Luka 16 aliijua kweli baada ya kuzikwa, nayo haikumfaa kitu. Waebrania 9:27 yatufundisha kwamba baada ya kufa ni hukumu. Huko hakuna mahali pa kuanza kutafuta.

Labda anatusikiliza mama ambaye mwanawe alikwenda Somalia majeshi yetu yalipoingia huko mwaka 2011, au baadaye, akarudi ndani ya sanduku. Mama, hatuwezi kukuambia yaliyopita kati yake na Mungu katika saa ya mwisho. Mnyang'anyi msalabani alikuwa na saa chache tu, nazo zilimtosha. Mwachie mwanao Hakimu asiyekosea.

Na wewe askari uliye hai, usingoje. Mwendee mchungaji wako, useme yote. Taja mahali na tendo, usiseme tu kwamba sisi sote tu wenye dhambi. Kama ulichukua mali ya mtu, irudishe kama Zakayo. Nanyi jamaa zake, msimwulize aliua wangapi. Usiku aamkapo akipiga kelele, msimcheke. Ketini naye, msikilizeni atakapotaka kusema, mwombeni Mungu pamoja naye.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyewaombea askari waliokusulubisha, uwarehemu wote waliorudi kutoka vitani na mzigo usioonekana. Wape kusema kweli leo, na kwa damu yako uwasafishe. Wafariji wajane, na mayatima, na wazazi wa waliouawa, wa upande wetu na wa upande ule. Amina.