HOTUBA YA MWENYEKITI: KUJUA MTO NA KUJUA BIASHARA



Kwanza namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi. Hesabu za hisa na mikopo atazisoma mweka hazina. Mimi nina jambo moja. Mnajua kwamba vijana watatu wanaovusha watu Ruvuma wametuomba mkopo wanunue boti ya kutembeza wageni mtoni. Wanasema, "Mama, mto tunaujua." Ni kweli, wanaujua. Na mmoja wao ni mwanangu wa kumzaa. Kwa hiyo siku ya kuamua nitatoka nje, mkutano ataongoza makamu wangu. Leo natoa ushauri tu, kwa yale niliyouliza na kusomewa.

Kule Jinja, Uganda, Mto Nile ukitoka Ziwa Viktoria ulikuwa unashuka kwa kishindo katikati ya mawe. Mwaka 1996 Cam McLeay, mtu wa New Zealand mzoefu wa mito, alianza kuwashusha wageni pale kwa malipo, kwa boti za mpira. Wakaja na wengine, na vijana wa palepale wakajifunza kazi, wakawa waongozaji. Lakini jamani, mgeni halipii kasia peke yake. Analipia kurudi kwake salama. Anavalishwa boya na kofia ngumu, anaelezwa la kufanya akianguka majini. Pembeni wapo watu wenye kayaki, yaani kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja, kazi yao ni kuwaokota walioanguka.

Na ujuzi nao una mwisho wake. Hendri Coetzee wa Afrika Kusini aliongoza safari ya kuteremka Nile mpaka baharini mwaka 2004. Desemba 2010, akiwaongoza Wamarekani wawili katika Mto Lukuga, Kongo, mamba alimchukua. Alikuwa fundi hasa. Ruvuma yetu huku chini haina kishindo cha Jinja, ni mto mpana wa michanga. Lakini mamba na viboko wamo, na wanaoteka maji kule wanajua ninachosema.

Tena, mto wenyewe unaweza kubadilika. Bwawa la umeme la Bujagali, lililokamilika mwaka 2012, liliyazamisha maporomoko ya Bujagali. Wenye biashara wakasogea chini. Mwaka 2019 likazinduliwa bwawa la Isimba, maji yakafunika na mengine. Umeme tunauhitaji, simlaumu mtu. Nauliza tu: aliyekopa kwa kutegemea poromoko lile moja, alipe kwa nini? Sisi wa korosho hatuna haja ya kufundishwa hilo. Msimu wa 2018 soko lilipoyumba, si tuliona sanduku letu lilivyokuwa jepesi?

Basi ushauri wangu ni huu. Maboya yanunuliwe kwanza, boti baadaye. Kibali kipatikane kabla ya mgeni wa kwanza. Asiyejua kumwokoa mtu majini asishike kasia. Na waendelee kuvusha watu na kulima, deni lisisimame juu ya wageni peke yao.

Wakikubali hayo, wapewe, hata kama ni kidogo kwa kuanzia. Wasipokubali, wanyimwe, na wa kwangu akiwemo. Nikifika nyumbani nitanuniwa, najua. Lakini fedha iliyomo sandukuni ni ya mama aliyepanda mlima na ndoo kichwani, kisha akaja mkutanoni kuweka hisa yake. Huyo hatumkopeshei mtu kwa sababu ni mtoto wa mwenyekiti.