Ujuzi wa Kuandika Programu kwa Anayeanza Kazi ya Kuunganisha Mifumo

Nimeombwa niwaeleze ninyi, walimu na vijana mliohitimu au mnaokaribia kuhitimu masomo ya kompyuta, ni ujuzi gani wa kuandika programu unaomwezesha mtu kuingia kwenye kazi ya kuunganisha mifumo ya taasisi kubwa. Naomba tuanze na mfano ambao wengi wenu mmeupitia.

Mwanafunzi wa chuo cha umma Tanzania anataka kulipa ada. Mfumo wa chuo unatengeneza bili na kuipeleka GePG, lango la malipo ya Serikali, ikiwa ni ujumbe wa XML wenye sahihi ya kidijitali. GePG inajibu kwanza kwamba bili imefika. Kontroo namba inafuata kwa ujumbe mwingine. Mwanafunzi analipa kwa simu au benki, taarifa ya malipo inarudi chuoni kupitia lango lilelile, kisha hesabu za pande zote zinalinganishwa. Yeye ameona namba moja na SMS moja. Nyuma yake imezungumza mifumo minne au zaidi, iliyoandikwa kwa lugha tofauti na watu ambao hawajawahi kuonana. Programu zinazokaa katikati na kuiwezesha kuelewana ndizo mada yetu.

Kwa nini zikae katikati? Mifumo 10 ikiunganishwa mmoja kwa mmoja inahitaji viunganishi 45. Ukibadilisha mfumo wa mishahara tu, unalazimika kugusa tisa. Ndiyo maana benki, kampuni za simu, hospitali na mamlaka za mapato huweka tabaka la kati linalopokea ujumbe, kuutafsiri, kuuelekeza na kuuhifadhi.

Lugha gani nianze nayo?

Hili huulizwa mapema kuliko yote, nami silizungushi: Java. TIBCO BusinessWorks, MuleSoft, WSO2, Oracle SOA Suite na Apache Camel zote zinaendeshwa juu ya mashine ya Java. Hata pale ambapo kazi ni kuburuta visanduku na kuvichorea mishale kwenye skrini, siku mambo yakiharibika logi itakumwagia mistari mia ya hitilafu za Java, na asiyeweza kuisoma atabaki kupiga simu kwa wauzaji. Taasisi zilizojengwa juu ya bidhaa za Microsoft zitakutaka C#. Python ni nzuri kwa kazi ndogondogo za kusafisha mafaili na kufanya majaribio, lakini usiitegemee peke yake kukupatia ajira hii.

Kando ya Java yapo ya lazima ambayo sitayakalia: SQL ya kutosha kuandika hoja inayounganisha majedwali matatu, HTTP na namba zake za majibu, JSON, amri za kawaida za Linux, na Git. XML vijana wengi wanaidharau wakidhani imekufa. Haijafa. Mfumo wa benki hauvunjwi kwa sababu mtindo umebadilika, na XPath, XSLT na SOAP bado vinalipa mishahara ya watu.

Data ndiyo yenye visa

Vyuoni tunafundishwa kupanga orodha na kupita kwenye miti ya data. Kazini utakutana na jina la Ng'wandu.

Alama ile ya ritifaa katikati ya jina ndiyo hiyohiyo SQL inayoitumia kufungia maneno. Programu iliyounda hoja kwa kugandisha vipande vya maandishi itakatika hapo, na mteja ataambiwa mfumo una tatizo. Mbaya zaidi, mlango huohuo ndio mdukuzi anaoutumia kupenyeza amri zake. Dawa ni kuandika hoja zenye nafasi zinazojazwa na maktaba yenyewe. Kisha kuna simu zinazobadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda: mfumo mmoja unasoma UTF-8, mwingine wa zamani hausomi, na Ng'wandu anatokea upande wa pili akiwa na alama ya kuuliza katikati ya jina lake. Kwa nchi zenye majina ya akina Ng'ombe, Ng'ang'a na Nyong'o, hili linatokea Jumatatu asubuhi kama siku nyingine yoyote.

Tazama pia pesa. Ujumbe wa kadi za benki unaofuata kiwango cha ISO 8583 una sehemu ya kiasi yenye tarakimu 12, isiyo na nukta, inayohesabu kwa kipimo kidogo kabisa cha sarafu husika. Shilingi 150,000 za Tanzania zinaandikwa 000015000000, kwa sababu orodha ya kimataifa ya sarafu inaipa shilingi yetu tarakimu mbili za senti, hata kama senti zenyewe hatuzioni tena madukani. Ile ya Kenya ni vivyo hivyo. Lakini shilingi ya Uganda, faranga ya Rwanda na faranga ya Burundi hazina senti kwenye orodha hiyo: 150,000 za Uganda ni 000000150000. Mwandishi wa programu aliyezoea Dar es Salaam akinakili msimbo wake kwenda Kampala bila kuangalia, atamkata mteja mara mia.

Saa nazo. Malipo yaliyofanyika saa 8:10 usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai, kwenye seva inayotumia saa ya UTC, yanaandikwa saa 23:10 ya tarehe 30 Juni. Kwa Serikali ya Tanzania huo ni mwaka wa fedha uliopita. Mhasibu atatafuta pesa hizo kwenye usuluhisho wa hesabu mpaka achoke. Hifadhi muda pamoja na ukanda wake wa saa, na namba za akaunti zihifadhi kama maandishi, la sivyo sifuri za mwanzo zitapotea.

Jibu lisiporudi

Sasa nafika mahali ninapoamini ndipo fundi halisi anapojulikana. Umetuma ombi la malipo, umesubiri sekunde 30, kimya. Je, pesa zimekatwa au hazijakatwa? Hujui, na hakuna lugha ya programu itakayokuambia. Ukituma tena unaweza kukata mara mbili. Ukiacha, huenda mteja amelipa na hatapata huduma.

Wanaoshughulikia kadi walijipanga kwa hili zamani: ujumbe 0200 unaomba malipo, 0210 unajibu, na jibu likikosekana, 0420 unatoa taarifa ya kuurudisha muamala. Mifumo ya leo hufanya kwa njia nyingine. Daraja, lango la Safaricom la wanaounganisha programu zao na M-Pesa, hukujibu kwanza kwamba ombi limepokelewa, kisha hutuma matokeo kwenye anwani uliyoitoa. Anwani hiyo ni programu yako, na programu yako lazima iwe tayari kupokea taarifa moja zaidi ya mara moja bila kuongeza salio mara mbili.

Anayeanza huandika hivi: tafuta namba ya muamala kwenye kanzidata, kama haipo, ongeza salio. Inaonekana sawa, na kwenye majaribio inapita. Jumbe mbili zenye namba ileile zikiingia kwa wakati mmoja, zote mbili zitatafuta, zote mbili zitakuta haipo, na salio litaongezwa mara mbili. Njia iliyo salama ni kuiwekea safu ya namba ya muamala sharti la kutojirudia, kisha kuingiza namba na kuongeza salio ndani ya muamala mmoja wa kanzidata. Ujumbe wa pili utakataliwa na kanzidata yenyewe, nawe utamjibu mtumaji vilevile ulivyomjibu mwanzo. Ni mistari isiyozidi ishirini. Kama ningekuwa msaili wenu, ningewauliza hili kabla ya kuuliza cheti chochote.

Foleni za ujumbe zimejengwa kwa tatizo hilohilo. IBM ilitoa MQSeries mwaka 1993. RabbitMQ ikaja 2007. Kafka, iliyozaliwa LinkedIn, ikafunguliwa kwa umma 2011. Zote zinashikilia ujumbe hadi mpokeaji aamke. Ujumbe unaoshindikana kila ukijaribiwa hupelekwa kwenye foleni ya pembeni, na lazima awepo mtu wa kuiangalia. Gregor Hohpe na Bobby Woolf walikusanya ruwaza 65 za kazi hii katika kitabu cha mwaka 2003, na Apache Camel imezitekeleza nyingi kwa majina yaleyale. Kitabu hicho hakijazeeka.

Kuhusu vyeti vya bidhaa

Naona vijana wakikopa fedha kulipia mitihani ya bidhaa moja kabla hawajaandika programu hata moja inayosoma foleni. Sikubaliani na utaratibu huo. Bidhaa anajifunza mtu kwa wiki chache akishaujua msingi, na taasisi ikibadilisha bidhaa, cheti hakihami nayo. Mwajiri akikilipia, kichukue kwa furaha. Cha mfukoni mwako kisubiri.

Badala yake fanyeni hivi, kwa kompyuta ya kawaida na programu za bure. Wekeni RabbitMQ, PostgreSQL na Apache Camel. Tengenezeni duka la kubuni linalotuma maagizo ya JSON na mfumo wa malipo wa kubuni unaoelewa XML tu. Camel itafsiri katikati. Ikishafanya kazi, anzeni kuiharibu: zimeni kanzidata katikati ya muamala, tumeni ujumbe mmoja mara tano, andikeni jina la Ng'ang'a, bandikeni kiasi chenye koma. Kila kinachovunjika kirekebisheni, mwandike kwa Kiswahili au Kiingereza kilichotokea na sababu yake, na muweke kazi hiyo mahali mwajiri anapoweza kuiona. Walimu mliopo hapa, nawaomba muipokee kazi ya namna hiyo kama mradi wa mwaka wa mwisho.